Kabla ya kupanda treni: majibu kwa wana wetu wanaokwenda Chuo Kikuu

Mazungumzo ya Jumapili jioni, yaliyotolewa na kikundi cha kipindi cha vijana



Tangu matokeo ya mtihani wa Serikali yatangazwe, mlango wa radio haufungwi. Kila asubuhi tunakuta mtu amesimama chini ya mwembe na karatasi mkononi. Wengine wanaandika swali lao kwenye kipande cha daftari, wengine wanapiga simu kipindi kikiendelea na wanakatika katikati ya neno kwa sababu uniti zimekwisha. Maswali ni yale yale. Chuo kikuu cha Serikali kinalipwa? Mtoto atalala wapi? Anahitaji karatasi gani? Na lile moja ambalo wazazi wanatuuliza kwa sauti ya chini, baada ya kutazama nyuma: ni kweli kwamba kule pointi zinanunuliwa?

Leo Misa ilikuwa na Injili ya yule mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye anapaswa kukaa kwanza na kuhesabu gharama. Paroko alipomaliza kuisoma alitutazama, akasema: ninyi wa radio, nawaachia saa yangu ya jioni, mkahesabu pamoja na hawa watoto. Basi tuhesabu.

Tutasema hasa juu ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa maana ndiko wengi wa wana wetu wa huku kando ya reli wanakoshukia, na ndiko wengi kati yetu tulikosoma. Kamina, Likasi na Kolwezi nazo zina vyuo vikuu vya Serikali, vilivyozaliwa kama matawi ya Lubumbashi. Mengi ya tutakayosema yanafaa huko pia.

Papa mmoja wa Bukama alituambia hivi: «Mimi nilisoma wakati wa Zaire. Tulipewa chumba, tulikula kwenye restora ya wanafunzi, na tulipata bursa. Kwa nini ninyi mnaniomba dola?» Papa huyu hasemi uongo. Chuo cha Lubumbashi kilianza kufundisha mwaka 1956. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vile vya Kinshasa na Kisangani kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Taifa la Zaire, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena, kila kimoja kikajitegemea. Waliosoma miaka ile wanakumbuka bursa. Lakini bursa ile ilikufa zamani, na restora nayo. Kinachobaki ni kwamba majengo ni ya Serikali, waprofesa wanalipwa na Serikali, na diploma inatambuliwa bila mashaka. Mwanafunzi hulipa. Analipa kila mwaka, na kiasi hubadilika kufuatana na mwaka, kitivo na darasa.

Hatutataja kiasi hapa. Mwaka juzi tulikitaja kwenye kipindi, na wazazi watatu walimpeleka mtoto na hesabu ya radio mfukoni. Walipofika walikuta bei nyingine. Kiasi cha kweli hubandikwa kwenye vibao vya matangazo vya chuo, ambavyo wanafunzi wanaviita valve. Jifunzeni neno hilo tangu leo. Kila kitu cha maisha yenu kule kitapitia kwenye valve: bei, saa za masomo, majina, pointi. Mwanafunzi asiyepita mbele ya valve kila siku ni kama mkulima asiyetazama mawingu. Kwa kawaida mnaweza kulipa kwa sehemu, lakini ulizeni tarehe ya mwisho ya kila sehemu. Tena msifikiri kwamba minervali ndiyo gharama yote. Kuna kuandikishwa, kuna kadi ya mwanafunzi, kuna kujiandikisha kwa mitihani, kuna silabusi, na katika vitivo vingine kuna blauzi na vyombo vya kazi za mikono.

Sasa tunataka kukaa kidogo juu ya jambo moja, kwa sababu ni deni letu.

Miaka minne iliyopita mashirika matatu ya parokia yetu yalichanga fedha ili binti mmoja yatima aende Lubumbashi kusomea udaktari wa mifugo. Watu walitoa walichokuwa nacho: huyu debe la mahindi, yule jogoo, mama mmoja alitoa kitenge chake kipya kikauzwa sokoni. Fedha ikapatikana, sisi wa kikundi hiki tukamkabidhi mkononi, na binti akapanda treni.

Siku ya mwisho ya kulipa alikuta mstari mrefu mbele ya banki. Alikaa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Karibu na saa sita akaja bwana mmoja amevaa vizuri, ana kadi shingoni, akamwambia: «Mdogo wangu, utaumia bure kwa jua. Mimi nafanya kazi ndani. Nipe, na saa hii hii utapata bordero yako.» Na kweli, baada ya saa moja bwana akarudi na bordero yenye jina la binti, kiasi chote, na muhuri. Binti akamshukuru. Alisoma miezi mitano. Wakati wa kujiandikisha kwa mitihani, jina lake halikuonekana popote. Ile bordero ilikuwa ya uongo, na muhuri ulichongwa sokoni.

Alitupigia simu akilia. Na sisi, ndugu zetu, hatukumwamini. Tunalisema hadharani kwa sababu tulilitenda hadharani. Tulikaa kikao, tukasema: huyu amekula fedha ya maskini, ameonja mji. Mmoja wetu akamwandikia baba mdogo wake ambaye alikuwa anamlaza kule. Baba mdogo akamtoa nyumbani. Binti akauza mikate karibu na Kasapa miezi minane, akilala kwa rafiki juu ya mkeka, na hakuna mtu wa parokia aliyeuliza habari zake.

Mwaka uliofuata mmoja wetu alishuka Lubumbashi kwa sababu ya matibabu. Siku moja akaingia katika maongezi na kijana mmoja aliyepoteza mwaka. Kijana akamwonyesha karatasi yake: muhuri ule ule, mwandiko ule ule. Kisha akawaita wenzake wawili, nao walikuwa na yao. Hapo ndipo tulipojua. Tulirudi mbele ya yale mashirika matatu, tukaomba msamaha mbele ya watu wale wale tuliowaambia maneno yale, naye binti amekaa mbele. Hakusema neno siku ile. Mashirika yakachanga tena. Leo yuko mwaka wa tatu, na majibu mengi mnayoyasikia jioni hii ni yake.

Basi shikeni haya. Fedha ya chuo unaipeleka mwenyewe hadi dirisha la banki, hata ukilala kwenye mstari. Hupewi bordero nje ya mlango, wala kwenye korido, wala chini ya mti. Ukiipata, soma jina lako herufi kwa herufi, kwa maana herufi moja iliyokosewa itakutembeza ofisi nne. Siku ile ile piga fotokopi mbili, kwa sababu wino wa karatasi zile za mashine hufifia na baada ya mwaka unabaki na karatasi nyeupe. Peleka nakala aparitora, ile ofisi ya kitivo inayoandika wanafunzi, na uangalie kwa macho yako kwamba wamekuandika kwenye orodha. Nakala nyingine ikae mbali nawe, kwa mzazi au kwa paroko. Na ninyi wazazi, mkituma fedha kwa simu, mtumieni mtoto mwenyewe, si rafiki yake aliye na namba nzuri.

Juu ya karatasi tutasema upesi. Kwa kawaida wanaomba diploma au shahada ya muda yenye asilimia yako, matokeo ya mwaka wa tano na wa sita wa sekondari, karatasi ya kuzaliwa, karatasi ya mwenendo mwema, karatasi ya daktari, na picha ndogo. Fanyeni nakala hapa hapa nyumbani. Wale ambao jina lao ni la namna moja kwenye karatasi ya kuzaliwa na la namna nyingine kwenye diploma, lisahihisheni sasa, kabla ya kusafiri. Kule litakugharimu nauli ya kurudi. Vitivo vingine vina mtihani wa kuingia, na tarehe yake haingojei treni.

Tunakuja kwenye swali la kulala.

Chuo kina majumba ya wanafunzi pale Kasapa. Yanaitwa home, nayo yana namba. Vitanda ni vichache kuliko wanaoviomba. Ndiyo maana kuna mtu anayeitwa makizari: huyu ni mwanafunzi asiyeandikwa katika chumba lakini analala humo, chini, kati ya vitanda vya wenzake. Jina linatoka kwa wapiganaji wa msituni, na kwa kweli maisha yanafanana: anatoka mapema, anarudi usiku, na akisikia hatua za msimamizi anakuwa mgeni aliyekuja kuazima kitabu. Wengi kati yetu tulikuwa makizari mwaka wa kwanza. Hatuwashaurii, lakini hatutajifanya kwamba hatukulala pale. Mkitaka kitanda, ombeni mapema katika ofisi yenye kazi hiyo, kwa barua, na msimlipe mwanafunzi wa zamani anayesema «nakuuzia nafasi yangu». Nafasi si yake.

Mkikodi nyumba mtaani, kwanza jueni masomo yenu yatakuwa wapi. Si vitivo vyote vilivyo Kasapa. Vimetawanyika mjini, na mwingine alikodi karibu na Kasapa kisha akagundua kwamba atapanda taksi-basi kila siku kwenda upande mwingine. Kisha garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwamba kwa nyumba ya kulala garanti haipiti kodi ya miezi mitatu. Tunajua, tunajua: wenye nyumba wengi wanaomba sita, na wengine wanacheka ukiwatajia sheria. Hata hivyo anayeijua sheria hujadiliana kwa namna nyingine kuliko anayeomba huruma. Ombeni karatasi yenye majina mawili, kiasi, na tarehe. Na msikodi nyumba mliyoiona mchana tu. Rudini pale jioni, muulize jirani, hasa mama anayeuza makala mbele ya lango: maji yanatoka siku gani, umeme unakuja saa ngapi, wezi walipita lini. Huyo mama ana habari kuliko mwenye nyumba. Mvua ikianza Novemba, bati lenye tundu nalo litajulikana, lakini mtakuwa mmekwisha kulipa.

Wengine watalala kwa jamaa. Hii ni baraka, na ni shule nyingine juu ya ile ya kwanza. Hapa tunasema na wazazi zaidi kuliko watoto. Papa, usimpeleke mtoto kwa shangazi yake na begi tupu na maneno «damu ni damu». Piga simu wewe mwenyewe. Ulizeni mnaweza kuchangia nini: mfuko wa unga kila miezi miwili, makala, ndakala wakavu wa kwetu. Chakula cha mtu mmoja wa ziada mjini si jambo dogo, hata kama shangazi hasemi. Nanyi mlio Lubumbashi, maana karatasi hii husafiri kuliko mawimbi ya radio yetu: mmepokea mwanafunzi. Kama anachota maji, anaosha vyombo vyote, anapika bukari, anawaogesha wadogo, kisha anafungua daftari saa nne ya usiku umeme ukiwa umekwenda, basi mmepokea mtumishi wa kazi za nyumba. Tunaona kwamba hili linawapata mabinti zaidi. Kijana akisema «nina interro kesho», watu wanapunguza sauti ya televisheni. Binti akisema hivyo, anaambiwa amalize vyombo kwanza.

Masomo yenyewe. Siku ya kwanza mtaogopa. Chumba kina mamia ya watu, wengine wamekaa juu ya madirisha, mikrofoni imekufa, na profesa anasema Kifaransa haraka. Mlipata Kifaransa kwenye ubao na kwenye diktasio; huyu anakisema kama anavyopumua. Hili si jambo la aibu. Danieli na wenzake walipofika Babeli, walipewa miaka mitatu ya kujifunza lugha na maandiko ya watu wale, na hawakuwa wajinga. Fanyeni tulivyofanya sisi: fikeni mapema mpate kiti cha mbele, na tafuteni wenzenu watatu au wanne, si zaidi. Jioni someni pamoja. Mmoja aeleze somo kwa Kiswahili mpaka wote waelewe, kisha mwingine alieleze tena kwa Kifaransa. Yule asiyeweza kulieleza kwa lugha yake, hata kwa Kifaransa hajalielewa, amelikariri tu. Mkifanya hivyo hadi Krismasi masikio yatafunguka. Silabusi mnaweza kununua moja kwa watu wawili, lakini msifikiri kwamba silabusi inatosha bila kuhudhuria, maana profesa huuliza pia yale aliyosema akiwa ameweka chaki chini.

Wazazi kadhaa wametuuliza: «Mtoto anasema baada ya miaka mitatu atakuwa na lisansi. Zamani ilikuwa miaka mitano. Anatudanganya?» Hawadanganyi. Zamani kulikuwa na miaka mitatu ya gradua, kisha miwili ya lisansi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo mpya unaoitwa LMD umeenea: lisansi miaka mitatu, masta miwili, kisha udaktari. Masomo yanahesabiwa kwa kredi, 60 kwa mwaka, yaani 30 kwa kila nusu mwaka. Kredi usizozipata hazifutiki. Zinakufuata kama deni la dukani. Kwa hiyo ulizeni watoto wenu swali hili kila nusu mwaka: una kredi ngapi? Msiulize tu «umepita?», kwa maana mtu anaweza kujibu ndiyo huku amebeba madeni matano.

Juu ya chakula: pikeni kwa kikundi. Unga, makala na mafuta vikinunuliwa na watu wanne kwa mwezi vinafika mbali kuliko mikate na soda za kila siku. Mzazi achague siku moja ya mwezi ya kutuma, hata kama ni kidogo, na aishike. Mtoto anayejua kwamba kidogo kitakuja tarehe tano anaweza kupanga. Yule anayengoja kitu kikubwa kisicho na tarehe anaanza kukopa. Na chandarua, jamani. Malaria ya wiki ya mitihani imerudisha watu wengi kuliko hisabati.

Sasa lile swali la sauti ya chini.

Ndiyo, pointi zinanunuliwa. Si zote, si kila mahali, na tumefundishwa na waprofesa ambao wasingepokea hata andazi la mwanafunzi. Lakini jambo lipo, na lenye kuumiza zaidi ni lile linalowapata mabinti: mwalimu anayeweka pointi mikononi mwake kama chambo. Wanafunzi wenyewe wamelipa jambo hilo jina la mzaha mchungu, linalofanana na jina la magonjwa ya zinaa. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji na ujeuri wa namna hiyo inaadhibu pia anayetumia cheo chake kumsumbua mtu hivyo. Hili si «mambo ya mjini». Ni kosa mbele ya korti.

Dada zetu, mwalimu akikuita kuhusu kopi yako, mwende wawili, ofisini, saa za kazi. Nyumbani kwake, hotelini, garini, hapana, hata akisema ni mkutano wa mradi. Ujumbe wa simu usiufute, hata kama unakuchukiza kuutazama. Mwonyeshe rafiki siku ile ile. Mwambie kiongozi wa darasa kama ni mtu wa kuaminika, na mkuu wa kitivo kwa maandishi. Pointi zikibandikwa nawe unaona umeonewa, kuna haki ya kuomba kopi iangaliwe tena, na siku zake ni chache. Usingoje wiki ipite. Kaka zetu, ninyi mlio darasa moja naye, mkisikia jambo hili msicheke. Kicheko chenu ndicho kinachomfungia mlango.

Na wazazi. Binti wa bordero alituambia neno ambalo hatujalisahau. Alisema: «Mwaka ule, hata kama mwalimu angenitendea ubaya, ningemwambia nani? Ninyi mlikwisha kuamua kwamba mimi ndiye mwongo.» Kwa hiyo kabla ya kumpa nauli, mwambie mtoto kwa mdomo wako kwamba akikupigia simu na habari mbaya utamsikiliza hadi mwisho. Msifikiri anajua. Sisi tulifikiri anajua.

Tuseme pia upande wa pili. Kuna papa mmoja, tunampenda sana, aliyeshuka kwenye treni na mbuzi kwa ajili ya mwalimu wa mtoto wake. Mwalimu aliuliza: «Papa, mbuzi huyu ni wa nini?» Papa akajibu: «Ni wa salamu.» Mwalimu akakataa, na mbuzi akauzwa kwa bei ya hasara ili kupata nauli ya kurudi. Tulicheka wote, na yeye pia. Lakini mtoto wake aliona aibu mwaka mzima. Bahasha nyingi zinazolalamikiwa kule zilitoka majumbani mwetu.

Mtasikia pia juu ya «ubatizo» wa wapya, wale wanaoitwa ble: kunyolewa, kumwagiwa matope, kuimbishwa matusi. Wizara imeukataza. Wakikuita usiku, usiende. Wakikuandama, taja majina kwa wasimamizi. Anayekuambia kwamba bila hilo hutakuwa mwanafunzi wa kweli hana kitivo chochote cha kukupa.

Kuna jambo la wakati. Kalenda ya chuo si kama ya sekondari. Mwanzoni mwa mwaka 2022, kwa mfano, waprofesa wa vyuo vikuu vya Serikali waligoma wakidai mapatano yao na Serikali yatekelezwe, na masomo yakasimama. Mwaka wa masomo wa miezi kumi unaweza kuwa wa kumi na minne. Mkihesabu mnara wenu, hesabuni kodi na unga wa miezi kumi na miwili kamili. Na mgomo ukianza, msikimbilie stesheni siku ya kwanza. Masomo hurudi kwa tangazo la ghafla, na treni yetu mnaijua: mtu anaweza kulala Tenke siku mbili akingoja mashine.

Swali la mwisho lililetwa na kijana mmoja ambaye hakutaka jina lake lisomwe. Anauliza: «Na nikishindwa?»

Ukishindwa, sema. Kuna kipindi cha pili cha mitihani, kuna kurudia mwaka, kuna kubadili kitivo. Watu wengi wanaofanya kazi nzuri leo walianza mahali pengine. Tulimjua kijana aliyeanguka mwaka wa kwanza, akaona aibu, akawaambia nyumbani amepita. Mwaka uliofuata akasema amepita tena. Fedha ilikuwa ikitumwa, naye alikuwa akiishi nayo, hasomi, anatembea mjini na daftari chini ya kwapa. Baba yake alikwenda kuhudhuria siku ya diploma na suti ya kuazima. Tulikuwapo aliporudi. Hakumlaumu mtoto kwa kuanguka. Alisema tu: «Angeniambia mwaka wa kwanza, tungelima pamoja msimu mmoja na kuanza tena.»

Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, tutakuwa katika jumba la parokia kwa wote wanaosafiri, wa kanisa letu na wa makanisa mengine. Leteni karatasi zenu zote ili tuangalie majina na tarehe, na wenye fotokopi pungufu tutawasaidia kadiri wino utakavyotosha. Wazazi waje pia, si watoto peke yao. Binti wetu yuko hapa kwa likizo na amekubali kuja. Ataleta bordero zake mbili, ile ya uongo na ile ya kweli, kila mmoja azishike mkononi na kuzitazama karibu na dirisha.